Fukusi na Dumuzi: Istilahi Mbili za Ghala la Mahindi

Katika maandishi yetu mengi kila mdudu atoboaye nafaka huitwa fukusi. Tunakusudia hapa kueleza kwa nini mazoea hayo hayafai tena.

Fukusi wa mahindi, Sitophilus zeamais kwa jina la kitaalamu, hutambulikana kwa mdomo wake mrefu mithili ya mkonga. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu mwingine, mwenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, alizuka mkoani Tabora. Mwaka 1981 alitambuliwa kuwa ni Prostephanus truncatus. Neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake "aliyekatwa", kwani sehemu yake ya nyuma ni butu kama iliyokatwa kwa kisu. Hana mkonga, na kichwa chake kimeinamia chini ya kifua. Katika baadhi ya maghala upotevu wa uzito wa mahindi ulizidi asilimia 30 kwa miezi michache tu.

Wakulima hawakungoja kamati ya istilahi. Walimwita Scania, kwa jina la lori. Baadaye jina la dumuzi ndilo lililoenea katika maandishi ya kilimo, nasi twaliona linafaa: ni fupi, ni la Kiswahili, wala halimchanganyi mdudu huyu na mwenzake.

Huenda msomaji akauliza, je, tofauti ya jina yaokoa gunia? Naam. Dawa ya pirimifosi-methili humwua fukusi vizuri, lakini dumuzi huistahimili. Permethrini humwua dumuzi, ila kwa fukusi ni dhaifu. Ndiyo sababu unga wa dawa uliotengenezwa kwa ajili ya maghala yetu ulichanganya zote mbili. Tena, dumuzi hustawi zaidi katika mahindi yaliyo bado kwenye magunzi. Kwa hiyo mkulima hushauriwa kupukuchua, kukausha vema, kisha kuchanganya dawa na punje.

Basi mfasiri anayeandika "dawa ya fukusi" mahali palipotajwa dumuzi humpeleka mkulima dukani kununua dawa isiyomfaa. Kosa hilo la neno moja hulipwa kwa chakula cha watoto. Twapendekeza kwa walimu, wafasiri na maofisa wote: fukusi abaki fukusi, na dumuzi aitwe dumuzi.