Barua kwa Thomas: Mchungaji Rankin na Mto Ohio

Akitajwa John Rankin, wasimulizi wengi huanza na taa. Nyumba yake ilikuwa juu ya kilima mjini Ripley, jimbo la Ohio, na mwanga wa dirishani mwake ulionekana hadi ng'ambo ya mto, Kentucky, ambako binadamu aliuzwa mnadani. Mimi naona heri kuanza na barua.

Mwaka 1824 gazeti la Ripley lilianza kuchapisha barua za Rankin, mchungaji wa Presbiteri mwenye miaka 31, kwa Thomas, ndugu yake wa tumbo moja. Thomas alikuwa mfanyabiashara Virginia, na alikuwa amenunua watumwa. Rankin hakumtukana wala hakumnyamazia. Alibomoa hoja moja baada ya nyingine: kwamba Mwafrika ana akili pungufu, kwamba Biblia imeruhusu, kwamba bwana mwema hupunguza uovu. Mahali pamoja alijiwazia yeye, mkewe na wanawe wakiwa katika minyororo, amwonyeshe nduguye jambo lenyewe lilivyo. Mwaka 1826 barua hizo zikawa kitabu, na 1832 mpinga utumwa William Lloyd Garrison akazichapisha tena katika gazeti lake huko Boston. Thomas naye aliwaacha huru watumwa wake, akahamia Ohio.

Ujasiri huo ulikuwa umeshamgharimu. Kwao Tennessee alionywa kwamba akiendelea kuhubiri dhidi ya utumwa, ahame. Akahama. Huko Kentucky alifungua shule ya watumwa. Wenye marungu wakaivunja. Mwanzoni mwa 1822 alivuka mto na familia yake akaingia Ohio, nchi ambako sheria ya 1787 ilikuwa imepiga marufuku utumwa. Lakini uhuru wa kisheria ulikuwa ukingo mmoja tu, na wasaka watumwa walivuka watakavyo.

Majira ya baridi ya 1838, mwanamke mmoja aliyetoroka utumwani alivuka mto juu ya barafu iliyokuwa ikipasuka, mtoto mchanga mikononi, akafika kwa akina Rankin. Habari yake ilimfikia mwandishi Harriet Beecher Stowe, na ndiyo chimbuko la mhusika Eliza katika Uncle Tom's Cabin, riwaya yake ya 1852. Dunia ikamjua Eliza. Yule mama halisi alishika njia ya kaskazini, naye anastahili heshima kubwa kuliko riwaya yoyote.

Wala tusimwachie mchungaji sifa zote. Pale Ripley aliishi pia John Parker, aliyekuwa mtumwa, akajinunua mwaka 1845 na baadaye akamiliki kiwanda cha kusubu chuma. Usiku alipiga makasia hadi Kentucky kuwachukua watumwa watoro, akijua kwamba akikamatwa atarudishwa utumwani au kuuawa. Rankin, hata chini ya sheria kali ya 1850 kuhusu watumwa watoro, adhabu aliyokabiliwa nayo kisheria ni faini isiyozidi dola 1,000 na kifungo kisichozidi miezi 6. Hatari hizo mbili hazilingani.

Na nyumbani kilimani alikuwepo Jean, mkewe, mama wa watoto 13. Mtoro aliyegonga alihitaji moto, chakula na nguo kavu. Kisha wavulana wao walitandika farasi, wakampeleka kituo cha maficho kilichofuata kabla hakujakucha. Mwaka 1841 watu wenye silaha waliivamia nyumba ile usiku. Wavulana walewale wakawafukuza kwa risasi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuja 1861, sita kati yao walijiunga na jeshi la Muungano.