Aliyeandaa Arusi: Kutoka Kibanga hadi Rugenge

Yeyote apitaye Rugenge Jumamosi asubuhi huona viti vya plastiki vikishushwa, turubai likifungwa, na kati ya watu wote mmoja asiye wa ukoo wo wote wa maarusi, mwenye daftari na simu mbili, akitoa amri. Huyo ni mpangaji wa arusi, mtu wa kulipwa. Wazee wetu humtazama kwa jicho la pembeni na kusema kwamba zamani arusi haikupangwa na mgeni. Sisi nasi tulisema hivyo, mpaka tulipoanza kuiuliza historia.

Injili ya Yohane, sura ya 2, yamtaja mkuu wa meza katika arusi ya Kana. Huyo ndiye aliyekabidhiwa karamu. Hatuambiwi kama alilipwa. Twaambiwa kwamba upungufu wa divai ulisemwa na mwanamke mgeni, Mama wa Yesu, na kwamba mkuu wa meza alipoionja divai njema hakujua imetoka wapi; watumishi waliochota maji ndio waliojua. Tangu zamani, basi, mwenye cheo cha karamu si lazima awe ndiye anayejua hali ya nyumba.

Huku kwetu kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Ng'ambo ya Ruzizi, Warundi humwita umuserukizi yule asemaye kwa niaba ya ukoo mbele ya wakwe; Waswahili wa pwani humwita mshenga yule apelekaye posa na kurudi na jibu. Kazi hiyo haikuwa ya bure kabisa. Mtu huyo alishukuriwa kwa zawadi, na zawadi hiyo ilijulikana. Lakini deni lake halikwisha siku ya karamu. Mke akirudi kwao usiku na mzigo kichwani, aliyepeleka neno la kwanza ndiye aliyeamshwa kwanza. Alikuwa mdhamini, na mdhamini hafungi daftari.

Sasa tufike mahali ambapo historia yetu wenyewe ilitushangaza. Wamisionari wa Afrika waliotumwa na Lavigerie walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka 1880 walifungua kituo huko Masanze, kusini ya Uvira, na mwaka 1883 wakaanzisha Kibanga, upande wa Ubwari. Wengi wa Wakristo wa kwanza wa vituo hivyo walikuwa watoto na vijana waliokombolewa katika utumwa. Walitoka mbali, wengine hawakujua hata njia ya kurudi kwao. Walipokua walioana wao kwa wao. Nani aende kuposa, na aende mlango gani? Mahari apokee nani? Hapakuwa na mjomba wala shangazi. Misioni ikawa ukoo: ikawapa mahali pa kujenga na shamba la kulima, ikawafungisha ndoa, ikaendelea kukaa nao kijiji kimoja. Hatusemi kwamba kila kitu katika njia hiyo kilikuwa chema, maana anayekupa nyumba na shamba ana neno kubwa mno juu ya maisha yako. Hata hivyo tukumbuke kwamba baadhi ya arusi za kwanza za Kikristo za mwambao huu ziliandaliwa na watu wasio ndugu wa maarusi.

Kanisa lenyewe halikudai mengi. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulitaka padri wa parokia na mashahidi wawili au watatu, na ndoa itangazwe kwanza kanisani mara tatu. Yaliyobaki tumeyaongeza sisi. Baadaye sheria ya familia ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, ikasisitiza mahari, angalau sehemu yake ikabidhiwe kabla ya kufunga ndoa, na ikataka ndoa iandikishwe serikalini. Hivyo kijana wa Uvira ana safari tatu: ya wakwe, ya serikali na ya altareni. Kila safari ina nguo zake, wageni wake na chakula chake.

Kwa miaka mingi mzigo huo ulibebwa na ukoo pamoja na majirani. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya hai, nasi tukazizoea kwa jina la shirika. Shirika lilichanga, kina mama waligawana masufuria, vijana wakatafuta kuni na viti. Ndugu zetu wa Tanzania wana kamati ya arusi na kadi za mchango, na kazi ni ile ile.

Kisha ikaja Oktoba 1996. Vita vilianzia kwetu, na maelfu ya watu wa Uvira na Fizi walivuka ziwa. Kambi ya Nyarugusu, huko Kigoma, ilifunguliwa mwaka huo huo kwa ajili ya Wakongo. Wengine baadaye walipelekwa Marekani, Kanada, Australia. Leo kijana anataka kuoa hapa Rugenge: mjomba yuko kambini, shangazi yuko ng'ambo ya bahari, baba hayupo tena. Shangazi hutuma fedha kwa simu, na anataka mtu mmoja wa kumwuliza zimetumikaje. Mpangaji amepata kazi mahali ambapo ukoo umetawanyika, kama vile Kibanga ilivyokuwa ukoo wa wasio na ukoo. Kwa hiyo hatuwezi kumwita anasa tu.

Ila tofauti iko. Misioni ilibaki kijijini. Mpangaji huondoka na kiti cha mwisho. Nasi tumeyaona mengine: arusi moja ambapo aliyelipwa nusu ya fedha mapema alileta viti pungufu na kipaza sauti kisicholia, na hapakuwa na karatasi hata moja ya kumdai. Tumewaona pia wachumba wanaoishi pamoja mwaka wa tatu, wakiahirisha sakramenti kwa sababu hawajatimiza gharama ya karamu. Papa Fransisko aliwakumbuka hao mwaka 2016 katika Amoris Laetitia: matayarisho ya sherehe humaliza fedha, nguvu na furaha, na wengine kwa ajili ya gharama hawafungi ndoa kamwe.

Katika mazungumzo yetu, wengi walikubaliana hivi. Mpangaji apewe viti, turubai, muziki, chakula, magari na saa za siku. Bei iandikwe, malipo yagawanywe, sehemu ya mwisho ibaki mpaka kazi iishe, na shahidi atie sahihi. Asipewe kusema mbele ya wakwe, wala kuwachagulia maarusi mashahidi wao. Mmoja wetu, aliyefunga ndoa bila mjomba hata mmoja mjini, alimwomba jirani, baba mzee wa shirika lao, amsemee. Karamu yake ilipangwa na mtu wa kulipwa, ikaenda vizuri. Jina la mpangaji amekwisha kulisahau. Kwa yule mzee bado huenda, na mara mbili alikwenda usiku.