Fahamu Namna Njia Kuu za Umeme Mkoani Singida Zinavyosafirisha Mawasiliano

Mkoa wa Singida ni miongoni mwa makutano muhimu ya Gridi ya Taifa. Njia ya msongo wa kilovoti 400 yenye urefu wa kilomita 670 kutoka Iringa kupitia Dodoma hadi Shinyanga hupita mkoani humo. Singida pia ndiko inakoanzia njia ya msongo huohuo inayoelekea Arusha na Namanga, mpakani na Kenya. Minara ya njia hizo haibebi umeme pekee, bali hubeba pia taarifa zinazowezesha umeme huo kusafirishwa kwa usalama.

Taarifa husafirishwa kwa namna mbili. Ya kwanza, ambayo ni ya zamani zaidi, hutumia waya uleule wa umeme. Umeme wa gridi huwa na masafa ya hezi 50, ilhali mawimbi ya taarifa hupandishwa hadi masafa ya takribani kilohezi 40 hadi 500. Kwa kuwa tofauti hiyo ni kubwa, viwili hivyo hupita pamoja bila kuingiliana. Katika kituo cha kupoza umeme, kapasita maalumu huruhusu mawimbi kuingia na kutoka huku ikizuia msongo mkubwa usifike kwenye mitambo ya mawasiliano. Koili kubwa inayofungwa kwenye waya huzuia mawimbi hayo yasipotelee ndani ya kituo.

Namna ya pili hutumia waya wa juu kabisa wa mnara, ambao kazi yake ya awali ni kukinga njia dhidi ya radi. Ndani ya waya huo huwekwa nyuzi za faiba zinazosafirisha taarifa kwa mwanga. Mawimbi yanayopita katika waya wa umeme yanatosha kwa sauti na amri fupi tu, lakini faiba hubeba taarifa nyingi mno. Kwa sababu hiyo, sehemu ya uwezo wa faiba za minara ya umeme hutumika pia katika Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL).

Kwa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO), umuhimu wa mawasiliano hayo hupimwa kwa sehemu za sekunde. Hitilafu inapotokea, kituo cha upande mmoja hutuma amri kwa kituo cha upande wa pili, na swichi kubwa za pande zote mbili hukata umeme ndani ya takribani sehemu moja ya kumi ya sekunde. Amri hiyo isipofika, kifaa cha ulinzi cha upande wa mbali huweza kusubiri hadi karibu nusu ya sekunde kabla ya kukata. Muda huo unatosha kuharibu mitambo, kuyumbisha gridi na kuzima umeme katika mikoa mingine. Uzito wa jambo hilo umeongezeka tangu gridi za Tanzania na Kenya zilipounganishwa Desemba 2024.

Ieleweke kuwa mfumo huu hautumiki kumfikishia mteja namba za LUKU. Mwananchi anaponunua umeme kwa simu, namba 20 anazopokea humfikia kwa mtandao wa simu, kisha huziingiza mwenyewe kwenye mita.

Ulinzi wa miundombinu hiyo unawahusu pia wananchi wanaoishi kandokando yake. Kung'oa vyuma vya minara, kukata nyaya zinazoingia ardhini au kuchoma moto chini ya njia ya umeme huhatarisha maisha, na huweza kukatisha umeme na mawasiliano kwa wakati mmoja. Mwananchi anayeona mnara ulioharibiwa au waya ulioanguka anapaswa kukaa mbali, kuwazuia wengine wasisogee, na kutoa taarifa mara moja katika ofisi ya TANESCO iliyo karibu au kwa uongozi wa kijiji au mtaa.