Fedha za Kumtibu Mtoto wa Maskini: Kilosa na Mikumi

Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili lipo jengo liitwalo Sewahaji. Wengi wanaolazwa humo hawajui kwamba hilo ni jina la mtu. Sewa Haji Paroo alikuwa tajiri wa Bagamoyo, mwenye asili ya Kihindi, aliyepata mali kwa kuwapatia wenye misafara bidhaa na wapagazi. Misafara mingi ilikwenda bara kwa kufuata bonde la mto Mkondoa, ambamo mji wa Kilosa umekaa. Kabla hajafariki mwaka 1897, alitoa sehemu ya mali yake ili ijengwe hospitali Dar es Salaam ambamo Waafrika na Wahindi walitibiwa, na hiyo ndiyo iliyorithiwa na Muhimbili. Sadaka hiyo yastahili sifa. Lakini aitazamaye vema ataona kwamba fedha hizo zilipita kwanza mabegani mwa wapagazi, na jina lililoandikwa juu ya mlango ni moja tu.

Kwa wenyeji wa Kilosa, kumtibu mtoto kulikuwa na mwenyewe tangu zamani. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda huhesabu ukoo kwa upande wa mama; kwa hiyo mtoto alipougua vibaya, mjomba ndiye aliyetazamwa kwanza. Yeye ndiye aliyetoa mbuzi au fedha ya mganga. Hakuna aliyeuita huo mchango, maana ulikuwa deni la damu.

Serikali ya Waingereza ilileta deni la namna nyingine. Kodi ya nyumba na ya kichwa iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1922, na baada ya sheria ya utawala wa wenyeji ya mwaka 1926, sehemu ya kodi ilirudi katika hazina za wenyeji. Hazina hizo ndizo zilizolipa mishahara ya wafunga vidonda wa vijijini. Mkulima wa pamba na manamba wa mkonge wa Kimamba wote walilipa. Basi yule aliyeitwa maskini wa kusaidiwa alikuwa amekwisha kulipa kabla mtoto wake hajafungwa kidonda. Wamisheni nao walitibu watu katika nchi ya Ukaguru, na hospitali ya Berega ni tunda la kazi yao. Vivyo hivyo Mikumi ilipata hospitali ya Kikatoliki ya Mtakatifu Kizito.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 matibabu ya bure yalihesabiwa kuwa haki ya raia, na mwaka 1977 hospitali za kibinafsi za kutafuta faida zilipigwa marufuku. Nia ilikuwa njema. Dawa ndizo zilizopungua kadiri uchumi ulivyodhoofika. Mwaka 1993 uchangiaji ukaanza katika hospitali za serikali. Watoto walio chini ya miaka 5 walisamehewa, na maskini nao waliahidiwa msamaha. Hapa pana jambo linalofaa kuangaliwa sana. Moyo wenye tundu haujui siku ya kuzaliwa, wala selimundu haiponi mtoto atimizapo miaka 5. Mtoto wa miaka 6 aliondoka katika msamaha wa umri akaingia katika msamaha wa umaskini, nao hauji wenyewe: mzazi hana budi kuthibitisha ufukara wake mbele ya watu wanaomjua. Wako waliochagua kuuza mahindi kuliko kuomba barua hiyo.

Ndipo mchango ulipopata nguvu mpya. Magonjwa ya moyo ndiyo yaliyouonyesha vizuri zaidi, kwa kuwa kwa muda mrefu watoto hao walipelekwa India. Daktari Rajni Kanabar wa Dar es Salaam pamoja na chama cha Lions walitumia miaka mingi kuwatafutia wafadhili. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilipoanzishwa mwaka 2015, safari ikafupika. Gharama ilipungua lakini haikuisha. Tena wafadhili, kwa desturi ya binadamu, huguswa upesi na mtoto mwenye jina, picha na upasuaji mmoja. Malaria ya kila masika katika mashamba ya Kilosa haina picha ya namna hiyo, wala haijafanyiwa karamu ya hisani.

Bima ilijaribu kuziba pengo. Toto Afya Kadi ilitozwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka; mwenye watoto 4 alitakiwa kuwa na 201,600 kwa mara moja, kabla ya mavuno au baada yake. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, maana wazazi wengi waliwaandikisha wale waliokwisha kuugua, na mfuko ukaelemewa. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote.

Kutoka Mikumi hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 300 kwa barabara kuu. Mwenye kutoka Kilosa aliyefuata barabara ya Mikumi hupita kwanza kijiji cha Ulaya, ambacho jina lake limewachekesha wasafiri wengi. Nauli ya mama, chakula chake siku za kumwuguza mtoto, na shamba lililobaki bila palizi havikuandikwa katika msamaha wa 1993, wala havikuwamo katika kadi. Hayo yalilipwa na mjomba.