Prizimu

Prizimu ni kipande cha kioo au plastiki angavu chenye nyuso bapa zilizosuguliwa, ambazo angalau mbili hazipo sambamba. Inayojulikana zaidi ina ncha za pembetatu.

Mwanga unapoingia kwenye kioo kutoka hewani hupunguza mwendo na kupinda. Ukitokea upande wa pili hupinda tena. Urujuani hupinda zaidi kuliko nyekundu, hivyo mwanga mweupe hutoka umetawanyika katika rangi za upinde wa mvua. Zamani wengi waliamini kwamba kioo ndicho kilichoutia mwanga rangi. Isaac Newton, katika majaribio aliyoyaanza miaka ya 1660, alipitisha rangi moja pekee kwenye prizimu ya pili: ilipinda, lakini haikubadilika. Jaribio hilo, rahisi ajabu, liliiangusha dhana ya kale.

Hata hivyo, prizimu nyingi za leo hazitengi rangi, huakisi. Mwanga uliomo ndani ya kioo cha kawaida ukigonga uso wake kwa mshazari wa kutosha, yaani zaidi ya digrii 42 hivi kutoka mstari wima wa uso huo, hurudi wote ndani. Darubini za macho mawili hutumia tabia hiyo kuisimamisha taswira iliyopinduka. Wapima ardhi nao husimamisha prizimu juu ya fimbo ili irudishe mwale kwenye chombo cha kupimia umbali. Prizimu 100 za jinsi hiyo ziliachwa Mwezini na wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969, na hadi leo hurudisha miale ya leza inayotumwa kutoka duniani.