Ngoma Iliyokuwa Enzi

Mwalimu wa Kiswahili mjini Muyinga, kwenye njia iendayo Tanzania, hana haja ya kuwafafanulia wanafunzi wake neno "ngoma". Wanalo tangu nyumbani, kwani kwa Kirundi ni "ingoma". Lakini neno hilo la Kirundi lina maana ya pili ambayo letu halina: ni enzi, yaani utawala wa Mwami. Ngoma kuu ya ufalme wa Burundi iliitwa Karyenda, nayo haikuwa pambo la kutazamwa kila siku. Ilihusu hasa Muganuro, sherehe ya kupanda mtama, ambapo Mwami alibariki mbegu.

Huko Gishora, kilima kilicho karibu na Gitega, koo maalumu zilitunza ngoma takatifu mbili, Ruciteme na Murimirwa, yaani "anayefyekewa msitu" na "anayelimiwa". Walimu wenzangu watalitazama hilo jina la pili kwa jicho la sarufi: lima, limia, limiwa. Mwenye kushika jembe hatajwi kabisa! Hata hivyo Mwami naye alikuwa na deni, maana mbegu isiyobarikiwa haikupandwa.

Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Karyenda iliwekwa katikati ya bendera pamoja na mmea wa mtama. Tarehe 28 Novemba 1966 Kapteni Michel Micombero alimpindua Ntare wa Tano na kutangaza jamhuri. Ngoma ikafutwa kwenye bendera, mtama ukabaki kwa muda, na mwaka 1967 zikaja nyota tatu. Kwa mantiki ya Kirundi hatua hiyo ilikuwa sahihi: enzi imeondoka, basi na ngoma iondoke. Lakini Jamhuri haikuweza kuishi bila mdundo wake. Wapiga ngoma waliendelea kuitwa kwenye sherehe za serikali na kupelekwa ng'ambo, na mwaka 2014 UNESCO ikaiingiza sanaa yao katika orodha ya urithi wa binadamu.

Mwaka 2017 Rais Pierre Nkurunziza alitia sahihi amri kuhusu ngoma hizo. Vikundi viandikishwe, anayetaka kupigiwa nje ya sherehe rasmi aombe kibali na kulipa faranga 500,000 katika hazina ya serikali, wanawake wasipige. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda utamaduni. Ni kweli kwamba zamani ngoma ya Mwami ilikuwa kazi ya wanaume wa koo fulani. Lakini wakati huo palikuwa na Mwami, na palikuwa na Muganuro. Amri ilirudisha miiko ya enzi, ila haikurudisha wajibu wake. Mahali pa baraka ya mbegu pakawekwa stakabadhi. Isitoshe, kabla ya amri hiyo vilikuwapo vikundi vya wanawake waliopiga, na waliopiga vizuri.

Mwaka 2019 Gitega ilifanywa makao makuu ya kisiasa, na Gishora ikawa jirani ya serikali tena. Binti wa Muyinga, ajuaye maana zote mbili za neno lile, alikuwa amekwisha kuambiwa na amri kwamba ruhusa yake ni kucheza tu.