Vinasaba Bila Nasaba

Neno "vinasaba" limezoeleka Tanzania kwa sababu ya mashauri ya watoto. Baba anakana, mama anashikilia, sampuli zinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na majibu yanarudi na jina la mwenye mtoto. Tangu 2009 kuna hata sheria inayosimamia vinasaba vya binadamu. Msikilizaji wa redio aliyeko Kasulu au Kibondo akilisikia neno hilo, halimpeleki maabara, linampeleka kwenye ukoo. Na kwa shughuli ile ya kumtafuta baba, neno limekaa mahali pake: nasaba ndiyo inayotafutwa.

Tabu huanza neno hilohilo linapoingizwa kwenye saratani. Tuseme mama wa Kibondo amempeleka mwanawe Bugando, Mwanza, kwa basi la kupitia Kakonko na Nyakanazi. Taya la mtoto limevimba, meno yanacheza, jicho la upande huo limeanza kusukumwa nje. Daktari kijana, kwa nia njema ya kusema yote anayoyajua, anamwambia, "Mama, saratani hii inatokana na vinasaba." Mama ataitikia kwa adabu, "Sawa, daktari." Usiku atapiga simu nyumbani, na swali litakuwa moja: ni kwetu au ni kwao? Bibi wa upande mmoja atamkumbuka shangazi wa upande wa pili aliyekufa na uvimbe, na kesi itakuwa imeanza.

Ugonjwa wa mtoto wa mfano huo ni limfoma ya Burkitt, na wanaoufuatilia wana jina refu la kazi: watafiti wa jenetiki ya saratani na epidemiolojia ya molekuli. Jina hilo nalikubali, ila sikubaliani na jinsi tunavyozoea kulifasiri.

Tuanze na epidemiolojia. Mara nyingi huelezwa kuwa ni elimu ya magonjwa ya mlipuko. Kwa kipindupindu kilichowakumba wakimbizi wa Burundi pale Kagunga mwaka 2015, maelezo hayo yanatosha. Lakini saratani hailipuki. Wagiriki walioacha mizizi ya neno hili hawakutaja mlipuko wowote. Walisema tu "juu ya watu", yaani yale yanayowashukia watu. Mwanaepidemiolojia anauliza ugonjwa umemshika nani, wapi, lini, na kwa nini umemruka jirani yake. Anachokitazama ni mtawanyiko. Mlipuko ni aina moja tu ya mtawanyiko, ile yenye haraka.

Mfano bora wa kazi hiyo ulitokea hapahapa kwetu. Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari wa Mulago, Kampala, alimwita daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, amtazamie mtoto aliyevimba taya pande zote. Haukupita muda mrefu Burkitt akamwona mwingine Jinja. Mtu huyu alikuwa na jicho moja tu, jingine alilipoteza utotoni, na bado aliona walichokuwa wakikipita wenye mawili. Alisambaza karatasi za maswali kwa hospitali za serikali na za misheni katika Afrika, kisha Oktoba 1961 akaondoka Kampala na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson kwa gari kuukuu la Ford. Walizunguka wiki 10 na kilomita zipatazo 16,000, wakati Tanganyika ikijiandaa kupandisha bendera yake, wakiuliza kila hospitali swali lilelile: uvimbe huu mmewahi kuuona?

Majibu yakachora ramani. Kwenye nyanda za juu za Rwanda na Burundi ugonjwa karibu haukujulikana, ilhali kwenye mabonde ya joto na kandokando ya maziwa ulikuwapo. Karibu na ikweta ulikoma kwenye mita 1,500 hivi, na kadiri walivyoelekea kusini ndivyo kimo hicho kilivyoshuka. Alexander Haddow, bingwa wa wadudu pale Entebbe, alitambua kwamba kilichohesabika hapo ni joto, na kwamba mwinuko ulikuwa unaliwakilisha tu. Palipokuwa na baridi, au pakavu mno, ugonjwa karibu haukuonekana. Wengine wakaona kwamba ramani hiyo inafanana mno na ramani ya malaria kali. Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imedhibitiwa, uvimbe ulikuwa adimu kuliko bara iliyo mkabala.

Mtu wa Buha, huku Kigoma, anayo sababu ya kuitazama ramani hiyo kwa makini. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Kigoma mjini kwenda Kasulu unapanda mamia ya mita, na ukikaza kuelekea vilima vya Heru Juu, alikotawala Mwami Theresa Ntare, unazidi kupanda. Upande wa pili ardhi inateremka kuelekea bonde la Malagarasi, kwenye joto na mbu wake. Mstari wa mita 1,500 unazikata nyanda hizi katikati. Lakini asidanganyike mtu kwamba wa mlimani amesalimika: utafiti wa kitaifa wa malaria wa 2017 uliukuta Mkoa wa Kigoma ukiongoza Tanzania Bara, watoto wadogo karibu 24 katika kila 100 wakiwa na vimelea. Ndiyo maana mtawanyiko haumalizi hoja. Unakuonyesha pa kuchimba, lakini chini kuna nini hausemi.

Hapo ndipo "ya molekuli" inapoingia. Katika saratani neno hilo lilipata nguvu mwaka 1982, Frederica Perera na Bernard Weinstein wa Chuo Kikuu cha Columbia walipopendekeza kwamba mtafiti asiishie kuhesabu wagonjwa na kuuliza wanaishije, bali atafute ndani ya damu na tishu zao alama za kilichowapata. Karatasi ya maswali inabaki, lakini sasa inafungwa pamoja na kichupa cha damu.

Na damu ya ugonjwa huu imesema mengi. Burkitt alipotoa mhadhara London mwaka 1961, Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza virusi walivyoviona ndani ya seli za uvimbe huo, ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr. Karibu kila mmoja wetu anavyo, wengi tangu utotoni, bila dhara. Ukiuweka uvimbe wenyewe chini ya hadubini unaona seli nyeusi zilizobanana, na katikati yake matundu meupe ya seli zinazokula mabaki. Wataalamu wa patholojia huuita mwonekano huo anga la nyota. Ndani ya seli hizo nyeusi kuna kosa linalojirudia. Kipande cha kromosomu ya 8 kimekatika na kujibandika kwenye kromosomu ya 14, na mwaka 1982 huohuo ikajulikana kwamba kipande hicho kimebeba jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli igawanyike. Imetua jirani na jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo katika seli za aina hii hazizimwi. Ni kama kuunga waya wa taa ya nyumbani kwenye umeme wa mashine ya kusaga: mashine ikiwaka na taa inawaka, wala huna swichi yake. Malaria ya mara kwa mara huchokoza seli hizo zigawanyike na kukatakata jeni zake, na virusi huzizuia zisife pale zinapokosea.

Kosa hilo ni la vinasaba, lakini halina nasaba. Mtoto hakuzaliwa nalo. Limetokea katika seli moja, baada ya kuzaliwa, na limebaki kwa watoto wa seli ile tu. Hakulipata kwa baba wala kwa mama, na akipona hatamrithisha mtu. Tumeazima neno la ukoo kuelezea ajali. Kwa saratani za namna hii napendekeza tuseme "mabadiliko ya jeni", na daktari aongeze wazi, "Mama, haya hayakutoka kwenu wala kwa baba yake."

Mambo yangekuwa mepesi kama tungeishia hapo. Sam Mbulaiteye, daktari Mganda aliyesoma Makerere na Cambridge, amekuwa akiufuatilia ugonjwa huu kutoka Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Utafiti wa EMBLEM aliouongoza kati ya 2010 na 2016 uliwakusanya watoto wagonjwa wa Uganda, Kenya na Tanzania, kwetu wakiwa wa Mwanza na Mara, na kuwalinganisha na watoto wazima wa vijiji vya maeneo hayohayo. Moja ya matokeo yake ni hili: watoto waliobeba nakala moja ya jeni ya seli mundu walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kupata limfoma ya Burkitt. Tangu 1954 Anthony Allison alikuwa ameonyesha kwamba nakala hiyo moja humkinga mtu na malaria kali. Kumbe inamfikisha mbali zaidi ya hapo. Na jeni hiyo ni nasaba halisi. Kwa hiyo katika ripoti moja ya utafiti, "vinasaba" vinamaanisha kosa lisilorithiwa na vilevile kinga inayorithiwa, na msomaji anaachwa atenganishe mwenyewe.

Hasara inakwenda pande zote mbili. Nikisema saratani za watoto hazina ukoo, nitakuwa nimempotosha mwingine. Ipo saratani ya jicho, retinoblastoma, inayoonekana kama mng'ao mweupe ndani ya mboni. Ikishika macho yote mawili, karibu kila mara mtoto alizaliwa na jeni yenye kasoro, na mara nyingine aliirithi. Huyo ndiye ambaye swali la "kwetu au kwao" linafaa kuulizwa kwa ajili yake, bila ugomvi, ili mdogo wake anayenyonya apimwe macho mapema. Daktari anahitaji maneno mawili tofauti yaliyochapwa kwenye karatasi ya majibu: "jeni za kurithi" kwa familia ya mtoto huyo, na "mabadiliko ya jeni" kwa yule wa Kibondo. "Vinasaba" viachiwe Mkemia Mkuu.